Kusugua Kioo cha Winam

Hoja iliyo mezani ni hii: Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, isafishwe mpaka sakafuni. Gugumaji livunwe kwa mashine, mwani ukombwe, tope la miaka mingi lichotwe likatupwe mbali, na kazi ianze sasa. Wanaoiunga mkono si watu wa kubezwa. Wamo wavuvi ambao mashua zao hukwama mita chache tu kutoka ufuoni, wamo akina mama wanaochota maji ya kijani ziwani kwa sababu mfereji umekauka, na wamo wanasiasa ambao kila msimu wa gugu huahidi mashine mpya. Mimi nasimama upande wa pili. Ghuba inahitaji kusafishwa, hapo hatuna ugomvi. Ugomvi ni juu ya kipi kitangulie. Nadai kwamba shilingi ya kwanza iende kule virutubishi vinakotokea, vyooni, mitaroni na mashambani, na kwamba brashi ikitangulia tutakuwa tumelipia mwani wa mwaka ujao. Wapinzani wangu nitawapa nafasi mmoja mmoja, kwa sauti yao, na nitawajibu kadiri ninavyoweza.

Tuanze na chombo kidogo, maana kidogo huonekana chote kwa mtazamo mmoja. Tangi la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe na samaki wa rangirangi ni bahari iliyopunguzwa mpaka ikatosha sebuleni. Kila chembe ya chakula inayotiwa humo inabaki humo. Samaki anakula, kinyesi chake kinaoza, na fosforasi na nitrojeni zilizokuwa ndani ya chakula sasa zimo ndani ya maji. Mwani unazikuta tayari. Mwanga upo, joto lipo, na baada ya siku chache kioo kimevaa utando wa kijani na nyuzi zinaning'inia juu ya mawe. Mwenye tangi akichoka huamua kufanya usafi mkubwa. Anatoa mawe na kuyasugua, anafukua mchanga mpaka chini, anabadilisha karibu maji yote. Jioni tangi linang'aa. Lakini kwenye mchanga na mawe yale walikuwamo bakteria waliokuwa wakigeuza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kuwa naitreti, na wengi wao wamekwenda na brashi. Uchafu uliokuwa umelala chini nao umeamshwa, umerudisha majini vile virutubishi vilivyokuwa vimejifungia. Baada ya wiki chache mwani umerudi, mara nyingi mnene kuliko wa kwanza. Wafugaji wazoefu huanzia upande mwingine: wanapima fosfeti, wanapunguza chakula, wanabadilisha maji kidogokidogo, wanaweka konokono na samaki walao mwani, na brashi wanaishika mwisho.

Winam ni tangi la namna hiyo hiyo, ila halina mwenyewe mmoja. Jina lenyewe kwa Kijaluo ni wi nam, kichwa cha ziwa, na kichwa hiki kimeunganishwa na kiwiliwili kwa shingo nyembamba. Ghuba ina takriban kilomita za mraba 1,400, na kina chake ni mita chache tu katika sehemu nyingi, hali ziwa lenyewe lina wastani wa mita 40 na huzama karibu mita 80. Maji hubadilishana na ziwa kuu kupitia mlango wa Rusinga. Mlango mwingine, ule kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga, ulizibwa kwa tuta la barabara katika miaka ya 1980, na ilichukua zaidi ya miongo mitatu kabla ya daraja kujengwa ili maji yapite tena. Mji wa Kisumu umekaa pembe ya mwisho kabisa, mbali na mlango, pale ambapo maji hukawia kuliko kwingine kote. Humo ghubani ndimo mito ya Nyando na Sondu-Miriu inapomwaga udongo wa nyanda za juu, na humo ndimo vijito vya mjini, Kisat, Auji na Wigwa, vinapoleta kile ambacho mji umekitema. Ukitaka kubuni chombo cha kufugia mwani, huhitaji kuongeza kitu.

Na hili halikuanza jana. Wanasayansi waliochimba tope la sakafu ya Ziwa Victoria na kulisoma tabaka kwa tabaka walikuta kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na mashamba katika bonde la ziwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hewa ya oksijeni ilikuwa imeanza kupungua katika vilindi. Tangu hapo kiasi cha mwani kinachozalishwa kimezidi maradufu, na aina zake zimebadilika: daiatomu, ambazo ni chakula kizuri cha samaki, zimewapisha sayanobakteria, wale tuwaitao mwani wa buluu-kijani. Hawa ni wageni wabaya. Baadhi yao hutengeneza mikrosistini, sumu ya ini, na Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidishe mikrogramu 1 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Mwaka 2004 mfumuko wa mwani ulikatiza huduma ya maji ya mji wa Kisumu, yanayovutwa kutoka ziwani kwenye ufuo wa Dunga. Mji ulioko ufukweni mwa ziwa la pili kwa ukubwa duniani kwa maji baridi ukakosa maji kwa sababu ziwa limeshiba mno.

Hapo mwenye mashine anainua mkono. "Bwana mwandishi, wewe mwenyewe umesema ziwa limeshiba. Basi mmea ndio umekula hicho chakula. Nikiuvuna, nimekitoa. Nipe mashine tatu na ruhusa ya kufanya kazi usiku, uone kama ghuba haitapumua."

Hoja yake ina mantiki, na ndiyo maana inapaswa kupigiwa hesabu badala ya kupuuzwa. Gugumaji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Tani moja iliyotoka ziwani, ikikauka, hubaki kama kilo 60, na katika hizo fosforasi ni nusu ya asilimia hivi, nikiwa mkarimu. Hiyo ni gramu 300. Mtu mzima mmoja hutoa mwilini, kwa haja zote mbili, karibu gramu 1.5 za fosforasi kwa siku. Kwa hiyo tani nzima ya gugu, ivunwe, ipandishwe kwenye lori, ikatupwe mbali na maji, imefuta haja za mtu mmoja za siku 200. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu laki nne katika mji wa Kisumu. Kuwafidia wote kwa kuvuna gugu kunataka tani 2,000 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Ataniambia, na ni kweli, kwamba si choo cha kila mtu kinachofika ziwani. Kingi hubaki shimoni. Sawa, tukate nusu. Bado ni tani 1,000 kwa siku, malori 100 ya tani kumi, na hapo hatujaugusa udongo wa Nyando wala mbolea ya shamba hata moja. Mashine haishindwi kwa sababu ni mbovu. Inashindwa kwa sababu inateka maji kwa kikombe huku bomba limefunguliwa.

Historia imeshatufanyia jaribio hili. Gugumaji liliingia upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997 waliachiliwa fukusi wa jamii ya Neochetina, wadudu wadogo waliotoka Amerika ya Kusini kama gugu lenyewe, na hawali kitu kingine. Kufikia mwishoni mwa 1998 gugu lilikuwa limefunika hekta zipatazo 17,000 za Winam. Picha za setilaiti za wakati ule zinaonyesha ghuba yenye rangi ya shamba. Kisha likaporomoka. Wataalamu wanabishana hadi leo ni kiasi gani ilikuwa kazi ya fukusi na kiasi gani ilikuwa mawingu na mawimbi ya El Niño. Katika 1999 na 2000 zikaletwa pia mashine za kukatakata, kwa fedha za Benki ya Dunia, ambazo ziliusaga mmea na kuuacha uzame. Yaani chakula kilichokuwa kimeshikwa na majani kikarudishwa chunguni. Ghuba ikaonekana safi kwa miaka kadhaa. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zikanyesha, mito ikabeba udongo na virutubishi, na miezi michache baadaye gugu likawa limetanda tena. Fukusi walikuwepo. Mashine zilikuwa zimeshapita. Aliyeamua ni yule aliyekuwa akileta chakula. Kuna jambo jingine ambalo washangiliaji wa mashine hawalisemi: gugu linapoondoka, mwanga unaingia majini, na kama virutubishi vipo mwani unapokea zamu. Umebadilisha mpangaji, nyumba ni ile ile.

Mvuvi wa Dunga amesikiliza mpaka hapa na subira yake imekwisha. "Omera, hesabu yako ni nzuri, lakini mimi nimelipa mafuta ya injini na nyavu zangu zimenaswa ndani ya gugu tangu juzi. Gugu likihamia hapa na upepo wa jioni, asubuhi siendi kokote. Unaniambia nisubiri mpaka mitaa yote ijengewe vyoo? Watoto watakula nini, fosforasi?"

Huyu simjibu kwa hesabu. Njia za mashua lazima zifunguliwe, na mdomo wa bomba la maji ya mji lazima uwe wazi, kwa mashine, kwa panga au kwa mikono ya watu. Hiyo ni huduma ya dharura, kama kuzibua mtaro mvua inaponyesha, na ipewe bajeti yake bila aibu. Ninachokataa ni kuiita usafi wa ghuba na kuipa fedha zote za ghuba. Tukiipa jina lisilo lake, kila mwaka tutasema tumesafisha, na kila mwaka tutashangaa. Pia ningemwomba mvuvi aangalie ni nani hufaidika na mpangilio wa sasa. Mashine huzinduliwa kwa hotuba na kamera. Bomba la maji taka likishafukiwa chini ya barabara ya mtaa wa Nyalenda halina tena pa kupigiwa picha.

"Basi tutumie dawa," inasema sauti nyingine, ya mtu mwenye haraka kuliko wote. "Kuna salfeti ya shaba, inaua mwani kwa siku mbili. Wenye mabwawa ya kuogelea wanaitumia." Ndiyo, inaua. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm huko Australia, wakazi walilalamikia ladha na harufu ya maji ya bwawa lao, na wahusika wakatia salfeti ya shaba ili kuua mwani. Mwani ulikufa, seli zikapasuka, sumu iliyokuwa ndani ikamwagika majini kwa mkupuo. Watu 148 waliugua, karibu wote watoto, ini na figo zikiathirika. Sayanobakteria aliye hai hubeba sehemu kubwa ya sumu yake ndani ya mwili. Ukimuua ndani ya maji ya kunywa umefungua chupa. Katika ghuba ambayo watu wanachota ndoo moja kwa moja, sina la kuongeza.

Hoja ya tope ni ngumu zaidi, na mwenye kuitoa ni mhandisi aliyesoma. "Ndugu, chukulia umefaulu. Umefunga kila mtaro na kila mto umekuwa safi. Sakafu ya ghuba imebeba fosforasi ya miaka tisini. Oksijeni ikipungua chini, chuma kilichoishika fosforasi kinaiachia, nayo inapanda juu. Utalishwa na chini kwa miongo. Kwa hiyo chota tope sasa." Anayosema kuhusu chuma ni sahihi, na yuko mfano mashuhuri upande wake. Ziwa Trummen huko Växjö, Uswidi, lilikuwa limeoza kwa maji taka. Katika 1970 na 1971 lilifyonzwa tope la juu, karibu mita nzima, na maji yakapona. Wanafunzi wa elimu ya maziwa duniani kote husomeshwa kisa hicho. Lakini kisa kina mwanzo ambao husahaulika. Maji taka yalikuwa yameondolewa Trummen tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, muongo mzima kabla ya pampu kuja. Walifunga mdomo, wakangoja, wakaona tope bado linalisha, ndipo wakachota. Na Trummen lina ukubwa wa kilomita ya mraba moja. Winam ni Trummen 1,400. Mhandisi akinipa hekta chache mbele ya chanzo cha maji cha Dunga, naweza kumsikiliza. Akinipa ghuba nzima, anapendekeza kuchokoa mchanga wa tangi wakati mkono mwingine bado unanyunyiza chakula, na anajua jinsi jambo hilo huishia.

Pingamizi lililo zito kuliko yote halitoki kwa mwenye mashine. Linatoka kwa mtafiti, tena mtafiti makini: "Unazungumzia mitaro na mito, lakini kwa Ziwa Victoria makadirio ya wanasayansi yanaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inaingia kutoka hewani, vumbi la ardhi iliyo wazi na moshi wa mashamba na misitu inayochomwa, ikidondoka na mvua. Utaziba mtaro wa Kisat. Utaziba na mbingu? Isitoshe Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa. Utawaamuru Watanzania na Waganda?" Nakubali takwimu yake kwa ziwa zima. Ziwa lenye kilomita za mraba karibu 68,800 lina kifuniko kipana sana cha kupokea vumbi, na mito yake ni michache ukilinganisha na upana huo. Ghuba ni kinyume chake: kifuniko kidogo, mito mikubwa, mji mkubwa, na shingo nyembamba. Kadiri unavyoingia ndani kuelekea Kisumu, ndivyo sehemu ya hewa inavyopungua na sehemu ya mto na mtaro inavyozidi. Tafiti za miaka ya karibuni za vinasaba vya mwani wa Winam zinaelekeza huko huko: Microcystis, mtengenezaji wa mikrosistini, hupatikana zaidi katika maji machafu ya kina kifupi karibu na midomo ya mito, na Dolichospermum ndiye hutawala mahali pa wazi zaidi. Sumu iko jirani na chanzo. Na kuhusu asilimia 6, ghuba yote iko ndani ya Kenya. Hakuna mkataba wa nchi tatu unaohitajika ili choo cha mtaa wa Manyatta kisivuje.

Huyo Dolichospermum anastahili aya yake, kwa sababu anaamua ni kirutubishi kipi cha kukamata. Ana seli maalumu zinazochukua nitrojeni moja kwa moja kutoka hewani. Ukimnyima nitrojeni majini, anajitengenezea. Fosforasi hawezi kujitengenezea. Hakuna kiumbe awezaye. Jambo hili, kwamba fosforasi ndiyo ufunguo, lilionyeshwa bila utata mwaka 1973 huko Ontario, Kanada, ambako David Schindler na wenzake waligawanya ziwa dogo kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na nitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo na fosforasi juu yake. Picha iliyopigwa kutoka angani inaonyesha nusu moja yenye rangi ya ziwa na nusu ya pili ya kijani. Miaka michache kabla ya hapo mji wa Seattle, Marekani, ulikuwa umeshalionyesha kwa vitendo: kati ya 1963 na 1968 maji taka yalielekezwa mbali na Ziwa Washington, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 mwani mbaya ulikuwa umetoweka na maji yameng'aa. Hakuna aliyelisugua ziwa lile. Mtafiti wangu atanikumbusha Ziwa Erie, na atakuwa na haki: lilipona baada ya sabuni zenye fosfeti kudhibitiwa na mitambo ya maji taka kuboreshwa kuanzia miaka ya 1970, kisha mwani ukarudi na mbolea za mashambani, hata Agosti 2014 watu karibu nusu milioni wa mji wa Toledo wakakatazwa kunywa maji ya bomba kwa siku kadhaa. Erie hainivunji hoja. Inanieleza kwamba mdomo wa mji ukifungwa, wa shamba unabaki.

Ndipo mkulima wa juu ya Nyando anaposimama, mzee, kofia mkononi. "Kijana, kila mkutano wa ziwa unaishia kwangu. Ninyi wa mjini mnakunya ziwani halafu mnakuja kunihesabia mfuko wa DAP. Nina ekari mbili. Mbolea yenyewe naweka nusu ya ninayoambiwa niweke." Mzee wangu, una haki ya kukasirika, na nusu ya hoja yako naichukua iwe yangu. Wakulima wengi wa bonde hili hawazidishi mbolea. Wana upungufu wake. Fosforasi inayoshuka Nyando haiji sana kama mbolea iliyoyeyuka. Inakuja imegandamana na chembe za udongo, udongo wako, ule wa juu wenye rutuba. Nenda Katuk Odeyo uone makorongo yaliyokula mashamba mpaka nyumba zinachungulia shimoni. Kila mvua kubwa inayopita pale ni shehena ya fosforasi inayoelekea Winam, na aliyeilipia ni wewe. Kwa hiyo matuta, nyasi za tembo kwenye kingo na miti kandokando ya kijito ni fedha zako zinazobaki shambani, na ziwa linafaidika kwa ujirani. Ila serikali isikuachie gharama peke yako. Ikiwa kuna fedha za kuvuna gugu kule chini, basi kumlipa mkulima siku za kazi za kuchimba matuta ni kutumia fedha hizo hizo mapema.

Kati ya shamba la mzee na maji ya ghuba kuna kitu ambacho hakihitaji mafuta wala dereva: mafunjo. Vinamasi vya mdomo wa Nyando na vya Dunga hupunguza kasi ya maji, tope linatua, mizizi inafyonza. Ni mchujo wa tangi, uliokuja bure. Kila anayefyeka mafunjo apande mboga au amwage kifusi cha kujengea anaondoa kichujio huku akilalamika maji ni machafu, na wengi wa wanaojaza kifusi hawana shida ya chakula.

Wafugaji wa vizimba nitawagusa kwa ufupi. Maelfu ya vizimba vya sato yamewekwa upande wa Kenya katika muongo uliopita, na vizimba, kwa tabia yake, ni kutia chakula kwenye tangi. Mwishoni mwa 2022 samaki walikufa kwa wingi vizimbani, maji yalipokosa oksijeni, na hasara ilikuwa kubwa. Wenye vizimba ni wadai na wadaiwa kwa pamoja. Wakihamishiwa maji yenye kina na mkondo, nje ya pembe za ghuba, watapunguza deni na kulinda mtaji.

Mama muuza samaki ana neno kabla hatujafunga, na ni neno la mtu aliyekula ziwa hili kwa miaka. "Mwanangu, ngege anayeuzwa siku hizi si ngege. Yule wa mama yangu alikuwa mwingine, mtamu, na maji yalikuwa mengine." Ana kumbukumbu sahihi kuliko vitabu vingi. Ngege wa asili, Oreochromis esculentus, alikuwa mla mwani, na ghuba hii ndiyo ilikuwa nyumba yake. Nyavu za makila zilipoingia mwaka 1905 alivuliwa bila kipimo, kisha akaletwa sato wa mto Nile, kisha mbuta, ambaye katika miaka ya 1980 aliangamiza aina nyingi sana za samaki waitwao fulu, baadhi yao walaji wa mwani na wa uchafu wa chini. Tulifukuza wafagizi tukabaki na uchafu. Ngege yule bado anaishi Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala, na kumrudisha ni ndoto nzuri. Lakini hata mama akipewa ngege wake leo, maji ya leo ni ya sayanobakteria, na tangi lenye chakula kingi haliokolewi na konokono wachache.

Kwa hiyo orodha ya malipo yangu inaanzia mitaa ya Kisumu, Obunga, Nyalenda na Manyatta, ambako maji ya ardhini yako karibu na juu na mashimo ya vyoo hufurika mvua ikizidi, kama ilivyoonekana ziwa lilipopanda mwaka 2020. Mabwawa ya Nyalenda na mtambo wa Kisat yapokee maji taka yote yanayopaswa kuyafikia, na yakitoka, fosforasi ipimwe, maana mabwawa ya kawaida huua vijidudu vizuri kuliko yanavyoondoa fosforasi. Malori ya kunyonya vyoo yawe na bei ambayo mwenye nyumba ya mabati anaweza kuilipa, la sivyo mtaro utabaki kuwa rahisi zaidi. Kanuni za Ubora wa Maji zipo tangu 2006. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria haikosekani. Baada ya hapo matuta na mafunjo. Mashine kwa njia za mashua na kwa mdomo wa bomba. Pampu ya tope mwisho, na mahali padogo.

"Na mimi nitajuaje kama inafanya kazi?" anauliza mvuvi, ambaye hakuondoka. Swali lake linastahili chombo. Kuna kisahani cha upana wa sentimita 20, robo nyeupe robo nyeusi, kilichotokana na kile alichokibuni padri Mwitalia Angelo Secchi mwaka 1865. Kinafungwa kamba yenye alama za kila nusu mita, kinashushwa majini saa sita mchana, na unasoma kina kinapopotea machoni. Hakihitaji maabara. Kila ufuo unao uongozi wake wa wavuvi na ubao wa matangazo. Namba ya mwezi iandikwe pale, kando ya bei ya omena, Dunga, Usoma na Kendu Bay. Mwezi ambao gugu limevunwa na mwezi ambao mtaro umeunganishwa iandikwe kwenye ubao huo huo.

Mvuvi ananyoosha mkono kuelekea mashua yake, ambako kamba ya nanga imelala imejaa kijani. "Kamba ninayo," anasema. "Lakini itabidi niioshe kwanza, alama hazionekani."